Mshauri Mkuu wa Mashuka

Jumapili, 2 Machi

Wifi anakuja. Ameniambia kwa simu asubuhi hii, kwa sauti ile ile anayotumia kupanga watu viti kwenye shughuli. Binti yake amejifungua nchi ya jirani, yeye yuko huko kumlea mzazi, na amegundua kwamba kwa treni ni saa nne tu mpaka hapa nilipo. Atafika Jumanne ya wiki ijayo. Anataka kuona ofisi yangu.

Ofisi yangu. Nimekaa kitandani, nikatazama ukuta.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba. Nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi kwa miaka kumi na tisa, msaidizi hadi siku ya kustaafu. Mwezi wa Mei mwaka jana nilikuja nchi hii ya watu kujitolea kwa miezi kumi na moja kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwenye fomu niliandika kwamba niko tayari kwa kazi yoyote. Wakaniamini. Wakanipeleka chumba cha kufulia.

Nyumbani nilisema mimi ni Mshauri Mkuu. Sikukusudia. Wiki ya kwanza Wifi alipiga simu, watu wamemzunguka, akauliza nimepewa kazi gani. Wakati natafuta neno la heshima la kukunja foronya, ulimi ukanitangulia. Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Mwezi wa pili nikapata ofisi. Wa nne nikapata katibu. Wa sita, dirisha linalotazama bustani. Nilikuwa napanda vyeo kwa kasi ya ajabu.

Nina sababu zangu. Siku naondoka, Wifi alisema mbele ya ukoo mzima kwamba siendi kujitolea popote, naikimbia nyumba ya kaka yake. Niliinua begi langu. Tiketi ilikuwa mkononi. Lakini neno lile nililibeba pamoja na masweta, na mpaka leo lipo chini ya begi.

Jumatatu, 3 Machi

Mpango wa kwanza: asije kabisa.

Nimempigia wakati wa mapumziko nikiwa nyuma ya mashine ya kukaushia ili asisikie maji. Nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba nyumba imeingiwa na upele. Upele mbaya, wa kuambukiza. Wageni wamezuiwa.

Nilisahau kwamba Wifi alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini. Alifurahi. Akasema tangu astaafu hajaona upele wa maana. Akauliza umeanzia vidoleni au kiunoni, tunapaka dawa gani, na nani mjinga aliyeagiza tupake mara moja tu kwa siku. Atakuja na glavu zake.

Halafu akawatangazia nyumbani. Mpaka jioni nimepokea simu sita za pole. Shangazi yake marehemu mume wangu amenikataza kugusa macho. Nimeanza kujikuna kweli.

Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia ameniona najikuna akanipeleka kwa daktari wa zamu. Huyu msimamizi ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Ana maneno machache na mikono mikubwa, na ananiita Mama, lakini kwa namna ambayo mtu huitwa kabla ya kusahihishwa. Daktari amesema sina chochote. Msimamizi amesema basi zipo shuka arobaini.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Huu ni mzuri. Nimeufikiria nikipiga pasi, na pasi ndiyo inayonipa akili.

Mkurugenzi wa nyumba hii ni mwanamume mpole anayetafuta miwani yake kutwa. Kila Jumanne huenda mjini kwenye mkutano, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Ofisi yake ina meza, simu mbili, na dirisha linalotazama bustani. Dirisha hilo, nakiri, ndilo nililokuwa nikimsimulia Wifi. Kwa hiyo sikusema uongo mtupu. Nilikosea tu mwenye dirisha.

Nitakaa pale kwa saa moja. Wifi ataona, atakunywa chai, atarudi kwenye treni yake.

Kwanza nahitaji katibu. Nimempata: Mzee wa Posta.

Mzee huyu ana miaka themanini na minane. Alisambaza barua kwa miguu miaka arobaini na moja. Kila asubuhi baada ya chai hushuka kwetu kwa sababu kuna joto, huketi kwenye kigoda kando ya mashine, na kupanga foronya kwa namba za vyumba kama alivyokuwa akipanga barua. Ya chumba cha tatu haijawahi kwenda cha nne. Wiki yangu ya kwanza, lugha yao ikiwa bado inanipiga chenga, nilitaka kumwomba shuka lake nikafue. Kumbe nimemwomba anioe. Alifikiri kidogo, akasema kwa adabu kwamba itabidi amuulize kwanza binti yake. Tangu siku hiyo sisi ni marafiki.

Leo nimemweleza kazi. Avae tai, akae mlangoni, mgeni akifika aseme niko kwenye mkutano, asubiri kidogo. Akauliza kama kuna sare. Nikasema tai inatosha. Akaniambia hajapewa kazi na mtu yeyote kwa miaka ishirini na tatu. Akauliza aripoti saa ngapi.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi na katibu. Si mabaya, ila kila nikimwambia ajifanye anapokea simu, anasema: Posta.

Shirika lililonileta limenitumia fomu ya mwisho wa safari. Ukurasa wa tatu wanataka nieleze, kwa mistari kumi na miwili, nilivyokua kama mtu. Mimi mara ya mwisho kukua nilikuwa na miaka kumi na sita, na mama alilalamika sana kwa sababu ya viatu. Nimeandika kwamba nimekuwa mvumilivu. Msimamizi akaniita mara mbili nikiwa naandika, nikamjibu vibaya. Nimefuta.

Mchana nikamwendea huyo Msimamizi kwa unyenyekevu. Nikamwambia miezi kumi ni mingi, mtu anastahili cheo. Akauliza nataka cheo gani. Nikasema kitu chenye neno mkuu ndani yake. Akaendelea kukunja taulo tatu, nne. Kisha akasema, kama ni hivyo, kuanzia leo mimi ni Mkuu wa Foronya.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikucheka. Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kiti cha pili, nikisaini barua kwa niaba ya wengine. Leo binti huyu amenipa foronya zote za ghorofa tatu, bila mtu juu yangu ila yeye. Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo.

Wifi asijue kamwe.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Siku ya mapumziko. Sina mpango wowote leo, ila kukumbuka.

Marehemu alikuwa akipiga mluzi kabla ya kuingia nyumbani. Majirani walidhani ni furaha. Ilikuwa huruma. Alikuwa ananipa muda wa kuficha nilichokuwa nakiharibu. Mwaka ule niliponunua mashine ya kutotolea vifaranga, na badala ya vifaranga nikapata mayai mia mbili yaliyopasuka kwa mshindo sebuleni, alipiga mluzi kutoka kona ya barabara mpaka mlangoni, taratibu, wimbo mzima. Akaingia, akaangalia dari. Akaniuliza tumefikia wapi.

Tumefikia wapi. Hakuwahi kuniuliza umefikia wapi. Hata kwenye yale ambayo hakuyajua kabisa, alijihesabu ndani.

Alipoondoka, jambo gumu zaidi lilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nasimama jikoni na sufuria, nikisikiliza. Watu wanapita barabarani, hakuna anayepiga mluzi. Ndipo nikaona tangazo la kujitolea kwenye gazeti lililofungiwa viatu vyangu kwa fundi. Nikajaza fomu siku hiyo hiyo, pale pale kwenye benchi la fundi, mguu mmoja bila kiatu.

Kwa hiyo Wifi alisema kweli. Naandika mara moja tu, kisha nageuza ukurasa.

Jumatatu, 10 Machi

Ufunguo wa ofisi umepatikana. Nimemwambia Mkurugenzi kwamba mapazia yake yamejaa vumbi na ni hatari kwa kifua. Ni mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee, yanafika sakafuni, yalitundikwa na mwanzilishi wa nyumba hii. Amekubali mara moja, akanipa ufunguo niyashushe kesho atakapokuwa kwenye mkutano wake. Mtu mwema. Ilinichoma kidogo, kisha ikapita.

Nimeandika kibao cha mezani kwa kalamu nene, kwenye kipande cha boksi la sabuni: MSHAURI MKUU. Nimekiandika kwa lugha yetu, ili hapa asielewe mtu.

Kesho saa tatu na nusu nitayaingiza mapazia mashine namba mbili. Yatajifua yenyewe wakati mimi nashauri.

Jumanne, 11 Machi

Ni saa tatu usiku. Mikono inanuka sabuni hadi viwikoni. Nitaandika kwa mpangilio, kama tulivyokuwa tukiandika ripoti za ajali shuleni.

Saa tatu na nusu niliingiza mapazia. Kibandiko cha maelekezo kilikuwa kimefutika kwa uzee. Sabuni ni kikombe kimoja. Nikaangalia lile vumbi la miaka, nikaangalia saa, nikatia vitatu. Nikapandisha moto.

Saa nne na nusu Wifi akafika. Nilimsikia kabla sijamwona, viatu vyake vinapiga hatua za mkaguzi. Mzee wa Posta alikuwa mlangoni, tai imekaa vizuri, nywele kazilowesha maji. Akasimama kwa heshima akamwuliza kama ameleta barua au kifurushi.

Nikatoka haraka. Tukakumbatiana. Wifi amekonda. Ana harufu ya mafuta ya mtoto mchanga, na ile mikunjo ya macho ya kaka yake, ambayo nilikuwa nimeisahau, au nilidhani nimeisahau. Ilinibidi niangalie bustani kwa muda.

Alikaa. Akakitazama kibao. Akazitazama simu mbili. Akauliza mbona dirisha kubwa hivi halina pazia. Nikamwambia hapa tunaamini katika uwazi.

Tatizo likawa kwamba Mzee wa Posta hakutaka kubaki mlangoni. Aliingia, akavuta kiti, akaanza kuzungumza na mgeni. Wifi hajui lugha yao, basi mkalimani ni mimi. Nikaona hiyo ni bahati. Lolote atakalosema, litapita kwangu.

Mzee akasema polepole, akinionyesha kwa kidole: "Huyu ndiye anayenikunjia foronya. Kabla yake nilikuwa nalalia mikunjo, naamka na mistari shavuni kama bahasha iliyokanyagwa. Na ananisikiliza. Wengine huniuliza habari na kuondoka kabla sijajibu. Mwambie nduguye."

Nikamwambia Wifi: "Anasema natunga sera nzuri."

Wifi akamtazama mzee, ambaye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya tai.

"Na hiyo sera ndiyo iliyomliza?"

Sikupata nafasi ya kujibu, kwa sababu Mkurugenzi aliingia. Mkutano umeahirishwa. Alitukuta watatu ofisini kwake, mimi kwenye kiti chake. Akatusalimia kwa upole, akaomba radhi kwa kutuingilia, akauliza kama mapazia yake yamekauka. Wifi akauliza huyu ni nani. Nikasema ni msaidizi wangu, anauliza kama nina maagizo. Wifi akainamisha kichwa kwa staha. Mkurugenzi naye akainamisha. Nikadhani nimepona. Nilidhani hivyo kwa muda wa pumzi tatu.

Ndipo Msimamizi akatokea mlangoni. Povu lilikuwa limemfika magotini. Alisema neno moja tu, na neno lenyewe halikuhitaji mkalimani.

Nilivua viatu nikakimbia. Korido nzima ilikuwa nyeupe. Mashine namba mbili ilikuwa inatapika povu kupitia kila upenyo, na povu lilikuwa limeangusha kabati la shuka safi, shuka sitini nilizopiga pasi mwenyewe, zinaelea. Nikapiga magoti nikaanza kuzoa kwa beseni. Nyuma yangu nikasikia vile viatu vya mkaguzi vikisimama.

Sikugeuka. Nilijua kwamba nikigeuka nitamwona Wifi na mkoba wake, na nitaona hadithi nzima ikianza kupangika usoni kwake, ile atakayoisimulia kwenye kila harusi na kila msiba mpaka mimi mwenyewe nizikwe.

Nikasikia mkoba ukitundikwa kwenye msumari. Nikasikia viatu vikivuliwa. Halafu mguu wake mpana ukaingia kwenye povu kando yangu, na Wifi akamnyooshea Msimamizi mkono, kwa ishara, kuomba ufagio wa kusukumia maji.

Tulisukuma maji kwa muda wa saa mbili. Hakuna aliyezungumza, isipokuwa Mzee wa Posta, aliyekaa kwenye kigoda chake miguu juu, akitutajia namba za vyumba vya foronya zilizopita mbele yake.

Kisha ikabidi shuka zifuliwe upya, zikaushwe, zikunjwe. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Nikashika pembe mbili. Wifi, bila kuombwa, akashika mbili za upande wa pili. Tukavuta. Tukasogea, pembe kwa pembe, vidole vikagusana, tukarudi nyuma. Tena. Ya tatu au ya nne, akavuta kwa ghafla, kwa nguvu, nikayumba nusura nianguke.

Nikamtazama. Anajikaza asicheke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoolewa, yeye kumi na tisa. Mama mkwe alikuwa anatupa shuka za nyumba nzima tukunje pamoja uani, tuzoeane. Wifi alikuwa anavuta hivyo hivyo, aniangushe, bi harusi mwenye maringo. Na mimi nikajifunza kuachia upande wangu ghafla ili aanguke yeye. Marehemu alikuwa anakaa kizingitini anatuhesabia mabao.

Nikaachia. Wifi alikaa chini kwa kishindo, juu ya sakafu yenye maji, mtu mzima na nguo yake ya safari. Msimamizi alishtuka. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka, kisha sote wawili tukanyamaza kwa pamoja, maana tulikuwa tumegeuka kuangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu wa kuhesabu mabao.

Akasema akiwa bado chini: "Nilijua tangu mwezi wako wa nne. Mtu mwenye katibu hapokei simu zake mwenyewe, tena huku mashine zinanguruma."

Nikamwuliza kama alijua, amekuja kufanya nini.

"Kuona kama unakula," akasema. Akakamua upindo wa gauni lake. "Halafu lile neno nililokuambia siku unaondoka. Wewe uliikimbia nyumba, sawa. Mimi ufunguo ninao, ulinipa niwe nafungua madirisha. Mara tatu nimefika getini nikarudi. Nimemtuma jirani. Miezi kumi, wifi. Nimemtuma jirani kuingia nyumbani kwa kaka yangu."

Nikampa mkono akainuka. Tukamaliza shuka zilizobaki. Hamsini na sita. Jioni nikamsindikiza kwenye treni akiwa amevaa suruali ya kazi ya Msimamizi, na akaniaga dirishani kana kwamba ni mimi ninayesafiri.

Jumatano, 12 Machi

Mapazia yametoka. Yamekuwa madogo kiasi kwamba yanatosha dirisha la choo, na hapo ni kwa kuyavuta. Rangi nayo imehamia kwenye taulo ishirini.

Nimeitwa ofisini. Nilikwenda na hotuba. Mkurugenzi hakuitaka. Alikuwa amesimama dirishani, miwani mkononi, anaangalia bustani. Akasema miaka kumi na moja alikuwa anayachukia mapazia yale na hakuthubutu kuyagusa kwa sababu ya mwanzilishi. Akanishukuru. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Nadhani ameamini.

Msimamizi hakuamini. Amenivua ukuu wa foronya. Amempa Mzee wa Posta. Mimi ni msaidizi wake.

Msaidizi, tena.

Kibao changu kimebaki kwenye meza ya Mkurugenzi. Aliniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia ni salamu ya kwetu, ya kumtakia mtu afya. Amekiacha hapo hapo.

Ijumaa, 28 Machi

Kesho naondoka. Nimefunga begi asubuhi, nikashuka kazini kama kawaida, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Ajabu, tayari nimeanza kupakumbuka wakati bado nipo. Mvuke ule wa saa mbili asubuhi unaofunika vioo. Shuka likitoka kwenye mashine bado lina moto, unalikumbatia kabla ya kulikunja na hakuna anayekuona. Mlio wa mashine namba mbili inapomaliza, kama mtu anayeguna. Nilidhani nikiwa hapa nitakumbuka nyumbani tu. Hakuna aliyeniambia kwamba nitapata sehemu mbili za kukumbuka, na mwili ni mmoja.

Fomu nimeituma. Kwenye ule ukurasa wa tatu niliandika: Nimejifunza kusema ukweli. Nikausoma, ukanipendeza. Lakini ulikuwa mstari mmoja na wao wanataka kumi na miwili, basi iliyobaki nikaijaza na uongo.

Msimamizi aliniaga kwa kunishika mkono. Akashikilia. Nikaona anatafuta neno. Akasema, "Mama, kikombe kimoja." Kisha akaingia stoo na kukaa humo muda mrefu kwa mtu anayetafuta vibanio.

Mzee wa Posta hakuinua macho. Alikuwa anapanga foronya. Nikamwambia kesho sitakuwepo. Akasema anajua. Nikasimama. Akapanga tatu zaidi, kisha akaniuliza mimi ni chumba namba ngapi, aniwekee yangu.

Nikamwambia sina namba hapa.

Akafikiri. "Basi nitaiweka juu ya mashine," akasema. "Ukipita utaikuta."

Nikamwambia nitapita. Ni uongo pekee katika miezi hii yote ambao ningependa kuusema vizuri zaidi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyumbani wiki mbili sasa. Wifi amehamia chumba cha wageni, kwa siku chache alisema, na amekuja na godoro lake. Saa kumi na moja jioni tunakuwa wawili jikoni. Yeye anaosha, mimi nafuta. Hatuzungumzi sana mpaka saa hiyo ipite.

Leo ukoo umekuja kunikaribisha. Watu ishirini na sita sebuleni. Njia nzima ndani ya ndege nilikuwa nimeshajiapia: nikiulizwa, nitasema ukweli, kwa maneno mepesi, na kichwa juu. Chumba cha kufulia. Basi.

Baba mdogo akauliza kule nilikuwa nafanya nini hasa. Nikafungua mdomo. Nikasema nilianza kama Mshauri Mkuu, lakini mwishoni walinisihi niongoze kitengo kizima.

Nilimwangalia Wifi. Alikohoa. Akaweka kikombe chini, akasema ofisi ameiona kwa macho yake, ina simu mbili, na alipofika alikuta watu wanalia kwa sababu ya sera.

Sikuamini masikio yangu. Nilimpenda sana wakati ule.

Lakini mwenyekiti wa umoja wa wanawake alikuwepo, na papo hapo akatualika Jumapili ijayo tukawafundishe akina mama jinsi ya kuendesha taasisi kubwa. Wifi akakubali kwa niaba yetu sote kabla sijameza mate.

Wageni walipoondoka tulikaa kupanga. Mimi nitazungumzia uongozi, yeye ushahidi. Tumegombana kidogo juu ya vyeo. Anataka kuwa mkurugenzi. Nimemweleza kwamba mkurugenzi ni mimi, nafasi iliyobaki ni ya katibu mkuu. Amenuna, kisha amekubali kwa sharti la gauni jipya.

Akina mama themanini, na kipaza sauti. Ni kweli mmoja wao anasema ana mdogo wake anayefanya kazi mji ule ule, tena kwenye nyumba ya wazee, na kwamba yuko likizo hapa nchini. Atamleta. Nimefurahi sana. Nimeagiza awekewe kiti cha mbele, ili atuunge mkono.

Nimeangalia kila upande. Safari hii sioni panapoweza kuharibika.